Kleren tranpe: ramu ya viungo ya Haiti na watu waliokataa kurudi kwenye mashamba ya miwa

Nahodha wa Pangani (mwanzisha uzi):

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita humu jukwaani kulikuwa na mjadala wa ramu ya viungo, na karibu kila aliyechangia aliizungumzia kama kitu cha kiwandani: pombe ya molasi, vanila kidogo, sukari, rangi, basi. Sikuchangia kwa sababu nilichotaka kusema hakiingii kwenye mistari miwili. Naishi Montréal, Canada, mji wenye Wahaiti wengi sana. Nimefanya nao kazi, nimekula nao, nimezika nao. Kwao ramu iliyotiwa viungo ni kitu cha shambani, cha wakulima na waganga wa majani, na asili yake iko kwa watu waliouvunja utumwa kwa mikono yao wenyewe.

Wanaiita kleren tranpe. Kleren ni pombe kali, nyeupe kama maji, inayopikwa kwa juisi ya miwa au kwa shira yake. Ikilowekewa magome, mizizi, majani, matunda au viungo, ndiyo inakuwa tranpe.

Tuanze na miwa. Koloni ya Wafaransa ya Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, ilipofika mwaka 1789 ilikuwa na watumwa karibu 500,000 na mashamba ya miwa karibu 800. Zaidi ya nusu ya watumwa wale walikuwa wamezaliwa Afrika, kwa sababu shamba la miwa lilikuwa likiua watu haraka kuliko walivyozaa. Kinu kilifanya kazi usiku kucha msimu wa mavuno. Mtu akisinzia wakati analisha miwa, mkono unanaswa katikati ya magogo ya kinu, na panga lilikuwa limewekwa karibu ili mkono ukatwe kabla mwili wote haujavutwa. Pombe ilikuwepo tangu mwanzo, ikipikwa kwa molasi na mapovu yaliyobaki kwenye masufuria ya sukari. Wafaransa waliiita guildive. Code Noir, sheria ya watumwa ya mwaka 1685, katika kifungu cha 23 iliwakataza mabwana kuwapa watumwa pombe hiyo badala ya chakula. Ina maana walikuwa wanafanya hivyo. Mtu anakata miwa kutwa nzima, jioni anapewa pombe iwe ndiyo chakula chake.

Mapinduzi ya watumwa yakaanza Agosti 1791 kaskazini, uhuru ukatangazwa na Jean-Jacques Dessalines mjini Gonaïves tarehe 1 Januari 1804. Hayo wengi mnayajua. Kinachosahaulika ni kilichofuata, na kwangu mimi ndipo kleren inapopata maana yake. Viongozi wa mapinduzi, Toussaint Louverture hata kabla ya uhuru, kisha Dessalines na Henri Christophe, wote walitaka mashamba makubwa yaendelee. Nchi ilihitaji fedha na silaha, na sukari ndiyo iliyokuwa fedha. Kwa hiyo watu waliokuwa watumwa wakaambiwa warudi kwenye miwa, safari hii kwa kulipwa sehemu ya mavuno, na askari wakiwasimamia. Wakakataa. Walikimbilia milimani, wakafyeka, wakalima vyao. Kusini, Rais Alexandre Pétion akaona mbali na kuanza kugawa ardhi kwa askari wake mwaka 1809. Kisha mwaka 1825 Ufaransa ikaleta manowari na kudai fidia ya faranga milioni 150 kwa ajili ya mali waliyopoteza mabwana, na watu wenyewe walihesabiwa ndani ya hiyo mali. Rais Boyer, akitafuta pesa za kulipa, akatunga Sheria ya Vijijini mwaka 1826 kuwafunga wakulima kwenye mashamba. Nayo ikashindwa.

Mkulima alipanda ndizi, mihogo, mtama, kahawa kidogo, na kipande cha miwa. Hakuwa na haja ya kuipikia Bordeaux, kule Ufaransa, sukari nyeupe. Alikamua kwa kinu cha kuvutwa na ng'ombe, akapika shira ya kuuza sokoni, na kleren. Miwa ile ile iliyowaua babu zake ikawa yake, akaamua mwenyewe itoe nini. Ndiyo sababu leo Haiti ina mitambo midogo ya kleren kwa mamia, mingi ikiwa huko vijijini kabisa, wakati visiwa vingine vya Karibiani vimebakiwa na viwanda vichache vikubwa.

Upishi na viungo nitavileta baada ya kazi. Karibuni mchangie.

Mkulima wa Turiani:

Mkuu, hapa umenigusa. Sisi wakulima wa nje tunaouzia kiwanda tunajua mateso ya miwa. Muwa ukishakatwa unashindana na saa, ukichelewa kwenye foleni ya kiwanda utamu unashuka na bei inashuka nao. Swali langu: hao wenye mitambo midogo wanaanzaje? Chachu wananunua wapi? Na mbegu gani ya miwa, hizi za kisasa au za zamani?

Nahodha wa Pangani:

Mkulima, swali zuri sana, na jibu lake ndiyo siri ya ladha yote.

Chachu hawanunui. Juisi ikishakamuliwa inaachwa kwenye mapipa ya mbao, ya plastiki au ya chuma, na chachu iliyoko hewani na kwenye maganda ya miwa inafanya kazi yenyewe kwa siku kadhaa, mara nyingi wiki nzima. Kiwanda kikubwa huchachusha kwa siku moja au mbili kwa chachu ya maabara. Huo muda mrefu ndio unaoipa kleren ile harufu inayomshtua mtu mara ya kwanza: majani mabichi, zeituni, tunda lililoiva kupita kiasi, hata udongo. Baada ya hapo inapikwa kwenye mtambo mdogo wa shaba uliowekwa moja kwa moja juu ya moto, na kuni ni makapi ya miwa yenyewe yaliyokauka juani. Hakuna kinachotupwa. Inatoka ikiwa na nguvu ya asilimia 50 na kitu, na inanywewa hivyo hivyo, haichujwi rangi wala haiwekwi kwenye pipa la mwaloni.

Kuhusu mbegu, hapo ndipo wewe mkulima utafurahi. Kwa kuwa viwanda vikubwa vya sukari havikushika nchi nzima, miwa ya zamani haikung'olewa. Kuna wanayoiita Cristalline, kuna Madame Meuze, na nyingine nyingi. Aghalabu hukua katikati ya migomba, maembe na mihogo, bila mbolea ya dukani.

Na kabla mtu hajauliza: Barbancourt, ramu maarufu ya Haiti inayouzwa nje, ni kitu kingine. Ilianzishwa mwaka 1862 na Mfaransa Dupré Barbancourt, aliyetoka eneo la konyaki, brandi ya Ufaransa, akaleta utaalamu wa huko na mapipa ya mwaloni. Ni ramu nzuri sana, nayo pia ni ya juisi ya miwa. Lakini ndiyo iliyokuwa inawekwa mezani kwa wageni, na kleren ikabaki ya wakulima, wabeba mizigo na mizimu.

Mwanakilwa:

Nahodha, naomba niongeze jambo linalotuhusu sisi wa pwani moja kwa moja. Tukisikia Haiti tunafikiria Benin na Kongo tu, lakini mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitiliana mkataba na Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, piastre 20, sarafu za fedha za wakati ule, kwa kichwa. Wengi walipelekwa Mauritius na Réunion. Lakini miaka ya 1780 meli za Kifaransa zilizokuwa zinapakia watu Msumbiji na pwani yetu zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Saint-Domingue. Kule waliitwa "Mozambique" kwa jumla, hata kama mtu alitoka bara ya huku kwetu. Moreau de Saint-Méry, aliyeieleza koloni ile kwa undani, aliwataja.

Kwa hiyo katika wale waliokata miwa kule, na waliopigana, kulikuwa na watu waliopitia bandari yetu. Mimi hili linaniuma kila nikipita magofuni.

Nahodha wa Pangani:

Asante sana Mwanakilwa, umesema jambo zito. Nami nikitokea Pangani, ambako karne ya 19 bonde la mto lilijaa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, nikiona kinu cha miwa cha Haiti kwenye picha siwezi kukiita cha ugenini.

Mutoto ya Katanga:

Jambo bandugu. Mimi niko Lubumbashi. Kwetu Wahaiti tunawajua kwa njia ingine: kisha 1960 Wabeleji waliendaka, masomo ikabaki bila walimu, Wahaiti wakakuya mingi kufundisha. Baba yangu alifundishwaka na mwalimu wa Haiti, alikuwa anasema ule mwalimu akifungua chupa anamwanga kwanza kidogo chini, sawa vile bazee betu banafanyaka. Sisi tuko na lutuku, njo pombe yetu ya moto. Nauliza: ile ya kumwanga chini ni ya Kongo ao ni ya wapi?

Nahodha wa Pangani:

Ndugu yangu wa Lubumbashi, asante kwa kumbukumbu hiyo ya mzee. Sitaki kuigawa kwa kabila moja, kwa sababu kumwagia wahenga kunafanyika toka Benin hadi kwenu hadi kwetu. Lakini katika miaka ya mwisho ya utumwa, kundi kubwa kuliko yote lililokuwa linashushwa Saint-Domingue lilitoka pwani ya Kongo na Angola, na hilo linaonekana sana ndani ya Vodou, dini ya jadi ya Haiti. Kuna upande wa Rada, ambao kwa sehemu kubwa ni wa Dahomey, yaani Benin ya leo, na upande wa Petwo, wenye moto zaidi, ambako mambo ya Kongo yamejaa. Maji humwagwa kwa wote. Kleren inapendwa zaidi na roho za moto. Ogou, roho wa chuma na vita, humwagiwa ramu chini kisha ikawashwa moto.

Sasa nifike kwenye pilipili. Tarehe 1 na 2 Novemba ni sikukuu ya Gede, roho za wafu, wakiongozwa na Baron Samdi. Watu wanafurika makaburini wamevaa nyeusi na zambarau, wanabeba mishumaa, kahawa, mkate na kleren. Kinywaji cha Gede kinaitwa piman: kleren iliyolowekewa pilipili mbuzi, na desturi inasema ziwe 21. Aliyepandwa na Gede anaigugumia, anajipaka usoni, mpaka machoni, na hapo ndipo watu wanajua kama kweli amepandwa au anaigiza, maana mtu mwenye akili zake hawezi. Kwa hiyo mtu akiniambia viungo kwenye ramu ni ladha tu, namwambia aende kuitazama chupa ya piman.

Abuu Swabra:

Assalaam alaykum. Ndugu mwandishi, unaandika vizuri na historia nimeifurahia, hasa ya Kilwa. Lakini nauliza kwa nia njema: kuna haja gani ya kuipamba pombe na ushirikina mbele ya vijana? Si ungetosheka na historia ya mapinduzi?

Nahodha wa Pangani:

Waalaykum salaam shekhe wangu. Swali lako ni halali na nalipokea kwa heshima. Simwambii mtu anywe. Nasema hivi: watu hawa dini yao na dawa zao vilipigwa vita na kila aliyewatawala. Mackandal, mtumwa mtoro aliyejulikana kwa ujuzi wa mitishamba na kuhofiwa kwa sumu, alichomwa moto hadharani Cap-Français mwaka 1758, na wakoloni wakawakataza watumwa kutibu watu. Wamarekani walipoikalia nchi kuanzia 1915 hadi 1934, askari wao walivamia mikutano ya Vodou na kuchukua ngoma. Mwaka 1941 na 1942 Kanisa Katoliki, likisaidiwa na serikali, liliendesha kampeni ya kuchoma vitu vya ibada na kukata miti mitakatifu. Vodou ilitambuliwa rasmi na serikali mwaka 2003 tu. Chupa ya magome ilipita katikati ya hayo yote kwa sababu ilikuwa dawa jikoni kwa mama wa mtu. Historia ya mapinduzi bila hao akina mama inabaki ya majenerali peke yao, nami nisingependa kuisimulia hivyo.

Dada Rehema:

Kaka Nahodha, tunaomba sasa hizo chupa zenyewe. Ndani wanatia nini? Mimi niko Boston, jirani zangu Wahaiti huniletea kremas kila Krismasi, nzito, ya nazi, na watoto wanalia wakinyimwa. Ni ndugu moja na hii?

Nahodha wa Pangani:

Dada Rehema, ni ndugu moja kabisa. Kremas ni kleren au ramu iliyochanganywa na tui la nazi, maziwa mazito ya kopo, mdalasini, kungumanga, vanila na ganda la ndimu. Ni ya Krismasi na mwaka mpya, na tarehe 1 Januari inafuatana na soup joumou, supu ya boga ya siku ya uhuru. Watoto wana haki ya kulia!

Sasa tranpe. Nieleze nilivyoona kwa mama mmoja tunayemwita Matant, mtu wa kusini mwa Haiti, jikoni kwake hapa Montréal. Alichagua chupa ya kioo yenye mdomo mpana kidogo, akaisuuza kwa kleren yenyewe, si kwa maji. Akamenya danzi kwa kisu chembamba, akikata ganda la juu tu. Pale kisu kilipobeba weupe wa ndani alikitoa kile kipande akakitupa, maana weupe unatia uchungu. Akatia mdalasini wa kijiti, tangawizi iliyopondwa kidogo, karafuu chache sana alizozihesabu kwa kidole, na kile kiungo chenye umbo la nyota. Mwisho akasimamisha vipande vya gome la bwa kochon, vyekundu kahawia, virefu kama penseli, vilivyoletwa na ndugu yake kutoka nyumbani. Akajaza kleren mpaka shingoni. Matunda, kama pasheni, huhitaji siku chache. Gome linahitaji wiki nyingi, na chupa ikipungua anaongezea kleren juu ya gome lile lile, hivyo chupa haiishi.

Ilipokuwa tayari alimimina kidogo mlangoni kabla hajatugawia sisi. Ilikuwa na rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Kwanza uchungu wa gome, halafu danzi, halafu moto, na karafuu ikabaki mdomoni muda mrefu.

Kule Haiti muuzaji, mara nyingi mwanamke, anapanga chupa zake mezani barabarani, kila moja na mti wake, na mteja anataja anachotaka: cha tumbo, cha mafua, cha uchovu, cha nguvu za kiume. Hicho cha mwisho ndicho kinachosifiwa kwa sauti kubwa zaidi. Mwenye homa husuguliwa kleren mwilini. Na kwenye konbit, ambako wanakijiji wanalima shamba la mwenzao kwa zamu na ngoma, kama msaragambo wa Upareni, mwenye shamba anawajibika kwa chakula na kleren. Kwenye Rara vilevile, yale maandamano ya ngoma na tarumbeta za mianzi wakati wa Kwaresima: bila chupa ya kupokezana bendi haitembei.

Ukichunguza chupa moja unakuta Ufaransa kwenye utaratibu wa kuloweka mimea kwenye pombe kali, Asia kwenye mdalasini na karafuu, miti ya kisiwa chenyewe, na Afrika katika kujua gome gani la nani. Mimi naona hili la mwisho ndilo uti wa mgongo. Viungo vya dukani mtu yeyote anaweza kutia.

Kijana wa Manzese:

Kwa hiyo mkuu, ukiondoa historia, hii si ndiyo gongo yetu iliyotiwa mitishamba? Na usalama wake je? Huku watu wamepofuka.

Nahodha wa Pangani:

Kijana, kwa mtambo zinafanana. Kinachotofautiana ni sheria na soko. Gongo mkoloni aliipiga marufuku na sisi tukaurithi mkono huo huo, kwa hiyo inapikwa usiku, na kinachopikwa usiku hakina mkaguzi wala jina la mpishi. Kenya walihalalisha chang'aa mwaka 2010, tena kwa masharti. Kleren inapikwa mchana, kijiji kizima kinajua mtambo ni wa nani, na mpishi mbaya anapoteza wateja. Hatari ipo, na inatoka upande mwingine: spiriti ya bei rahisi inayoingizwa kutoka nje, inatiwa maji na kuuzwa kama kleren. Hiyo inamuua mkulima kwanza, kwa sababu hawezi kushindana na bei yake. Ongeza magenge yaliyofunga barabara za kuingia na kutoka Port-au-Prince, utaelewa kwa nini mtu mwenye galoni zake kijijini anakosa pa kuzipeleka.

Mkulima wa Turiani:

Na hawa wa nje wanaoinunua, wanamsaidia mkulima au wanamnyonya?

Nahodha wa Pangani:

Swali hilo ndilo linalonikosesha raha, Mkulima. Mwaka 2012 Mwitalia Luca Gargano wa kampuni ya Velier alifika Haiti, akashangaa, akaanza kuziuza kleren Ulaya kwa majina ya wapishi wenyewe: Sajous wa Saint-Michel-de-l'Attalaye, Vaval wa Cavaillon, Casimir wa Baradères, baadaye Le Rocher ya Pignon. Huyu Casimir anafahamika kwa kutia mchaichai, mdalasini na tangawizi kwenye pipa la kuchachushia, yaani viungo vinaingia kabla hata ya moto. Jina la mpishi, kijiji, aina ya muwa na mwaka vimeandikwa kwenye lebo, na hilo naliheshimu. Mkulima amepewa jina lake. Kuna nyingine za viungo zinazobeba jina la Boukman, kiongozi wa usiku ule wa Bois Caïman Agosti 1791, mkutano wa siri wa watumwa uliotangulia mapinduzi. Jina hilo ni zito kwa Wahaiti, na anayeliuza anadaiwa kuwalipa vizuri wanaokata miwa yake.

Lakini mamia ya wapishi wengine hawana mnunuzi wa nje na hawatampata. Wanachohitaji ni barabara iliyo wazi na ile spiriti ya kuingizwa itozwe kodi ya haki. Ukiikuta kleren dukani huko uliko, soma lebo kabla hujalipa. Kama haisemi imepikwa na nani na wapi, iache hapo hapo.